Fimbo ya pool ya laki na nusu: kiungio cha chuma, cha mbao, au tuangalie kitu kingine?

#1 Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Nacheza pool kwenye meza za sarafu hapa mtaani na sasa nataka fimbo yangu mwenyewe. Za kijiweni zimepinda, tipu (kile kingozi cha nchani) zimeota kama uyoga, na ukizoea moja kesho yake mwingine kaiwahi. Bajeti ni laki na nusu, ikizidi sana laki na themanini.

Nimezunguka Kariakoo nimekuta tatu ambazo naweza kuzimudu:
A. Ya vipande viwili, imekatwa katikati, kiungio kina kola ya chuma inayong'aa, tipu nene.
B. Ya vipande viwili pia, haina chuma kwa nje, mbao inakutana na mbao, bolti yake nene.
C. Ya mtindo wa snooker, kipande kifupi chini na kirefu juu, kiungio cha shaba, tipu nyembamba.

Muuzaji ananiambia chuma ndiyo inapiga, mbao "inakunywa nguvu". Mwenye uzoefu anisaidie: kiungio kinabadilisha kweli mpigo, au ni maneno ya dukani?

#2 Mzee wa Kona
Chukua A. Chuma ndiyo mpango mzima. George Balabushka, fundi wa fimbo aliyeheshimiwa kuliko wote Marekani, alikuwa anaweka kiungio cha stenlesi. Angekuwa hajui anachofanya, fimbo zake zisingetafutwa hadi leo na mtu mwenyewe alishafariki 1975. Mpigo wa chuma unausikia mkononi, mkavu, hauna ubishi.

#3 Fundi Kereza
Mzee wa Kona shikamoo, ila hapo tutenganishe mambo. Kiungio cha Balabushka ni bolti ya 5/16 yenye hesi (meno) 14 kwa inchi, halafu shafti, yaani kipande cha juu chenye tipu, ina kishina cha shaba kinachozama ndani ya kola ya chuma kwa kubana kabisa. Hicho kishina ndicho kinachoweka sehemu mbili kwenye mstari mmoja. Fimbo nyingi za bei ya chini zenye kola inayong'aa hazina hicho kishina. Ni bolti ya 5/16 yenye hesi 18, nyuso mbili bapa zinagusana, na kile chuma ni bomba jembamba limevalishwa nje. Ukiitazama unaona chuma, ila mpigo wake uko karibu na wa fimbo ya kola ya plastiki.

Kijana, ukienda tena fungua fimbo A uangalie. Ukiona kishina kinajitokeza kwenye mdomo wa shafti na kinaingia kwa kusukumwa kidogo, hiyo ni ya aina ya Balabushka. Kama mdomo ni bapa tu, usilipe ziada kwa ajili ya mng'ao.

#4 Nairobi Westi
Wasee, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa mbao kwa mbao. Nina McDermott ya zamani niliyonunua kwa mtu, kiungio chake ni 3/8 hesi 10, na tangu niipate sijatamani fimbo ingine. Mpigo ni laini, umejaa, unajua mpira umegongwa wapi. Ile ya chuma ya beshte yangu inalia ting! kila ukipiga, inanichosha masikio. Mimi nasema B.

#5 Kijana wa Tabata
Asanteni. Fundi, hizo namba nazitambuaje dukani? Muuzaji mwenyewe hajui, nikimuuliza hesi ananionyesha stika.

#6 Fundi Kereza
Beba rula. Bolti ya 5/16 ina unene kama milimita 8, ya 3/8 ni kama milimita 9 na nusu. Kisha weka rula kando ya bolti uhesabu meno ndani ya nusu inchi, uzidishe kwa mbili. Ukipata 18, ndiyo ile ya fimbo nyingi za kawaida. 14 ni ya kishina. 10 kwenye bolti nene ndiyo ya mbao kwa mbao kama ya ndugu wa Nairobi. Ipo pia 3/8 ya hesi 11. Zikitofautiana hesi haziingiliani hata kama unene ni mmoja, kwa hiyo usije ukanunua shafti ya akiba kwa kukadiria na macho.

Mimi ningeweka hili mbele kuliko mpigo: siku shafti ikipinda au ikivunjika, utapata nyingine? Kiungio cha 5/16×18 kimezagaa, shafti zake zinapatikana kwa bei nafuu. Viungio vya kampuni moja moja, kama vile vya kuzungusha mara chache ikakaza, ni vizuri sana ila shafti yake unaagiza nje. Na mtu wa laki na nusu hanunui shafti ya laki nne.

#7 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Naomba nichangie kwa upande wangu. Tipu inagusana na nyeupe, ule mpira mweupe unaogongwa na fimbo, kwa takriban sekunde 1 gawanya kwa 1,000. Mwaka 1998 Wamarekani walirekodi kwa kamera za kasi kubwa, mradi uliitwa Jacksonville, na muda ukaonekana ni wa kiwango hicho. Mkono wako unapohisi kitu, mpira umeshaondoka zamani.

Sasa mtu akisema chuma kinampunguzia nyeupe kupotoka anapopiga kwa spini ya pembeni, hapana. Ron Shepard aliandika mwaka 2001 uchambuzi mrefu wa jambo hilo. Kinachosukuma nyeupe ipotoke ni uzito wa inchi chache za mwisho upande wa tipu. Kiungio cha fimbo ya inchi 58 kiko inchi 29 kutoka kwenye tipu, na ule mtikisiko wa kwenda pembeni haujafika huko wakati nyeupe inaachia. Ndiyo maana kampuni ya fimbo ya Predator walipotaka kupunguza upotokaji miaka ya 1990 walitoboa ncha ya shafti ikawa nyepesi. Kiungio hawakuwa na shida nacho.

#8 Mzee wa Kona
Mwalimu, marahaba kwa somo, lakini mimi sipigi pool kwa saa ya sekunde elfu. Nikishika fimbo ya chuma na ya mbao najua nimeshika ipi. Ukinipa gizani nitakuambia.

#9 Mpemba wa Darajani
Hebu Mzee asubiri. Hilo la gizani sisi tumelifanya hapa Unguja, klabu yetu. Tulizichukua fimbo za watu, za chuma, plastiki na mbao, tukazizungushia kitambaa kwenye kiungio zote zifanane, na mpigaji tukamtia spika za masikioni zenye kaswida kwa sauti ya kutosha asisikie mgongano. Kisha akaambiwa apige aseme ipi ni ipi.

Ndugu zangu, mabingwa wa klabu walibahatisha. Mmoja aliapa kuwa ile ya plastiki ni stenlesi yake mwenyewe. Tulipovitoa vile vya masikioni, wengi wakaanza kupata. Nnavyoona mimi, hiki tunachokiita mpigo nusu yake ni sikio.

#10 Nairobi Westi
Sawa, lakini hata kama ni sikio, si bado ni mpigo? Mimi nikicheza sivai spika. Ile sauti inaniambia nimegonga katikati ama nimegonga ovyo. Ukiniondolea, nacheza vibaya. Kwa hivyo mwenye anataka sauti ya mbao anunue mbao, hajakosea.

#11 Dada Nyamagana
Hamjambo. Mimi niko Mwanza, nimecheza mashindano tangu enzi za Safari Pool, na nashangaa hadi hapa hakuna aliyetaja mizani.

Kiungio cha chuma kizima ni kizito. Kikiwekwa katikati ya fimbo kinavuta uzito kwenda mbele. Fimbo mbili za aunsi 19, moja inalala kwenye vidole vya mkono wa mbele, nyingine inaelea na kutaka kuinuka. Hiyo ndiyo tofauti inayobadilisha mpira kuingia au kutoingia, kwa sababu inabadilisha jinsi unavyosukuma mkono. Nimeona wachezaji wanasema "naipenda chuma" kumbe wanapenda fimbo iliyoelemea mbele.

Kijana, dukani laza fimbo juu ya kidole kimoja mpaka isimame sawa. Pima kutoka mwisho wa kitako hadi pale kidole kilipo. Nyingi za mtindo wa Marekani zinasimama kama inchi 18 au 19. Ukiwa na mkono mfupi kama mimi, ile inayosimama nyuma kidogo inakuwa rahisi kuitawala. Fanya hivyo kwa zote tatu kabla hujauliza kiungio.

#12 Bwana Chaki
Mnamwangusha kijana. Hajaulizwa swali la kwanza: mipira ya hapo kijiweni ni ya ukubwa gani?

Meza nyingi za sarafu ni futi 7 za mtindo wa Kiingereza, mipira ya inchi 2, yaani milimita 51 hivi. Na nyingine nyeupe yake ni ndogo zaidi, inchi 1 na 7/8, ili mashine iitambue na kuirudisha ikiingia shimoni. Fimbo ya Kimarekani ina tipu ya milimita 12.75 au 13, imetengenezwa kwa mipira ya milimita 57. Ukiipeleka kwenye nyeupe ndogo unaifunika, huoni unagonga wapi, na ukitaka kuirudisha nyeupe unakuta tipu inagusa juu kuliko ulivyokusudia. Fimbo C yenye tipu ya milimita 9 hivi ndiyo ilizaliwa kwa meza hiyo.

Kwa hiyo A na B zote mbili nazitoa. Kiungio kitajadiliwa baadaye.

#13 Mzee wa Kona
Mimi natumia ya milimita 13 kwenye hizo hizo meza na mnanilipia soda kila Jumamosi.

#14 Bwana Chaki
Mzee, wewe ungetushinda hata kwa mpini wa ufagio. Kijana bado anajifunza.

#15 Kijana wa Tabata
Nimepima mipira leo kwa kubana kati ya vitabu viwili. Ya rangi ni milimita 51, nyeupe ni kama 48. Bwana Chaki umenifungua macho. Ila C nayo ina swali: kiungio cha shaba kilichokaa chini kule, robo ya fimbo, kina tofauti na cha katikati?

#16 Fundi Kereza
Kina. Shafti ndefu isiyokatwa inapinda na kunyooka kwa namna moja kuanzia tipu hadi chini, na kiungio kinakaa karibu na mkono wako wa nyuma, hivyo hakivuti mizani mbele. Viungio vya shaba vya fimbo za Kiingereza vina upande wa dume na wa jike, vyote vya shaba ile ile, vinakaza vizuri vikitengenezwa sawa. Shida ya zile za bei ya chini ni gundi. Shaba imepachikwa kwenye mti kwa gundi duni, joto likizidi inalegea na fimbo inaanza kulia kwe-kwe-kwe.

Na uzoefu wangu kwenye kazi za watu: wengi wakiniletea fimbo inayolia wanasema "kiungio kimekufa". Nafungua raba ya kitako, nakuta bolti ya uzito iliyomo ndani imelegea. Naikaza, inarudi kimya. Kabla hujalaumu kiungio, anza huko.

#17 Mwana Tanga
Mimi nakubaliana na Fundi ila naongeza unyevu. Sisi wa pwani tunasahau hili. Ile ya mbao kwa mbao yenye hesi zilizochongwa ndani ya mti wenyewe, msimu wa mvua mti unavimba, kukaza inakuwa kazi, ukilazimisha unapasua. Yangu ilinifanyia hivyo. Ndiyo maana nikahamia yenye nati ya shaba ndani ya shafti.

#18 Msafiri wa Muscat
Na huku kwetu Muscat ni kinyume chake. Ndani kiyoyozi usiku na mchana, nje joto kali, fimbo ikisahaulika kwenye gari mchana imekwisha. Mbao zinakauka, zinasinyaa, nati ya shaba inaanza kucheza ndani ya tundu lake. Nimeona ya mbao tupu ikidumu kuliko yenye nati. Kwa hiyo ndugu wa Tanga, hukumu yako ni ya Tanga.

#19 Mwana Tanga
Na Kijana anaishi Tabata, si Muscat.

#20 Jirani wa Hendry
Watu wanabishania hesi ilhali Stephen Hendry alichukua ubingwa wa dunia wa snooker mara 6 kwa fimbo ya pauni 40 aliyonunuliwa akiwa mtoto. Fimbo ya bei rahisi, haina sifa yoyote. Mkono ndio unaofunga mipira.

#21 Bwana Chaki
Hendry ni mara 7, ya kwanza 1990 na ya mwisho 1999. Mara 6 ni Steve Davis, na Ray Reardon. La pauni 40 ni kweli, na fimbo yenyewe ilivunjika 2003 ikiwa safarini kwenye ndege. Lakini angalia alivyoilia ile fimbo. Kama fimbo haina maana, angechukua nyingine dukani siku ile ile akaendelea. Bei haikuwa na maana kwake, fimbo ilikuwa nayo.

#22 Dada Nyamagana
Hapo Bwana Chaki umesema. Unaizoea moja mpaka mkono unaijua. Ndiyo sababu namwambia kijana asinunue ya kubadilisha baada ya miezi miwili.

#23 Kaboni Tupu
Mnapoteza muda na mbao. Predator walitoa shafti ya kaboni 2016, na sasa China wanatengeneza za bei nafuu. Haipindi, mvua isinyeshe inyeshe. Weka akiba miezi kadhaa, nunua kaboni, sahau Tanga na Muscat.

#24 Fundi Kereza
Za bei nafuu sana zinanijia kwa sababu ile ile: bomba la kaboni zuri, lakini nati iliyopachikwa chini yake imekaa upande. Ukiizungusha mezani inayumba kama mlevi. Hapo kaboni haikusaidii, aliyepachika nati ndiye kakuangusha.

#25 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Fundi amegusa jambo ambalo nilitaka kulirudia. Niliposema mtikisiko haufiki kwenye kiungio, nilizungumzia ule wa kwenda pembeni. Upo mwingine, wa kubana kwa urefu wa fimbo, huo ni wa haraka mno. Katika mti mkavu unasafiri kama mita 4,000 kwa sekunde, kwa hiyo unavuka kiungio na kurudi wakati tipu bado imegusa. Nyuso za kiungio zikiwa hazijagusana sawasawa, kuna nguvu inayopotelea hapo. Ila hilo ni suala la kukaza na kuchongwa sawa, na linawezekana kwenye chuma, plastiki au mbao.

#26 Mzee wa Kona
Kwa hiyo kiungio kina maana! Nilisema tangu mwanzo.

#27 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Ubora wa kiungio, mzee wangu. Aina yake bado sijaona ushahidi.

#28 Kijana wa Tabata
Nimerudi Kariakoo leo, nimekaa dukani mpaka muuzaji akaniletea kiti. Nimefanya yote. A: mdomo bapa, hesi 18, kama Fundi alivyotabiri, haina kishina. Nimeizungusha mezani ikiwa imeungwa, inaruka. Nimezungusha vipande kimoja kimoja, kila kimoja kimenyooka, ina maana nyuso za kiungio ndizo zimechongwa upande. B: imenyooka, mizani inchi 18 na nusu, inalala mkononi vizuri sana, lakini tipu milimita 13. C: nimeigonga kitako taratibu kwenye zulia, haina mlio wowote, mizani inchi 17. Imepinda kidogo karibu na tipu, upana wa karatasi chache tu.

Moyo unataka B, akili inasema C.

#29 Nairobi Westi
Fuata moyo. B unaweza kumpa fundi apunguze shafti ifike milimita 11 na nusu, abadilishe tipu.

#30 Fundi Kereza
Inawezekana, nimeshafanya. Unakereza taratibu, unabadilisha kipete (kile kipande cheupe chini ya tipu). Ila ukipunguza shafti inalegea zaidi, mpigo ule uliokufanya uipende dukani hautakuwa huo tena. Na milimita 11 na nusu bado ni nene kwa nyeupe ya 48.

#31 Bwana Chaki
C, uombe wakupe nyingine iliyonyooka kutoka stoo. Dukani haiko moja tu. Kisha ondoa tipu waliyoweka, weka Elk Master, ile tipu laini ya ngozi, ibane kwenye jiriwa usiku mzima kabla ya kuigundisha ili isiote uyoga. Tipu itakubadilishia mpigo kuliko viungio vyote vilivyotajwa hapa.

#32 Mpemba wa Darajani
Tipu ni kweli. Katika lile jaribio letu, waliopata hata wakiwa na spika masikioni walikuwa wanatambua tipu ngumu na laini.

#33 Mzee wa Kona
Mpemba, hilo jaribio lako nina tatizo nalo. Kila fimbo ilikuwa na shafti yake na tipu yake. Utajuaje watu walichanganywa na kiungio au na vitu vingine? Chukua shafti moja, tipu moja, uifunge kwenye kitako cha chuma, kisha cha mbao. Hapo nitakubali.

#34 Fundi Kereza
Mzee, shafti moja haiingii kwenye hesi mbili. Kuna vipande vya kuunganishia vinavyobadilisha hesi, ila kipande chenyewe ni chuma na kinaongeza uzito pale pale tunapopapima.

#35 Dada Nyamagana
Toa uzito huo huo kwenye bolti ya kitako.

#36 Fundi Kereza
Ukitoa kitakoni, mizani inahamia mbele zaidi, dada. Wewe mwenyewe ulisema mizani ndiyo kila kitu.

#37 Mwalimu wa Fizikia, Moro
Mnaweza kuchonga vitako viwili vya mti mmoja, vyenye hesi moja na bolti moja, kimoja kola ya stenlesi na kingine kola ya plastiki iliyoongezewa risasi mpaka uzito ulingane. Shafti ikawa ile ile. Fundi, una mninga hapo karakana?

#38 Fundi Kereza
Mninga ninao, na kipande cha mpingo pia, ila mpingo unazama majini, kitako kitakuwa nyundo. Nitumie mninga. Anayejua pa kupata bomba la stenlesi la kipenyo cha milimita 21 aniambie kabla ya wikiendi. Mpemba, jiandae kuleta wale mabingwa wako na spika zao.